Kikosi cha mbwa kwenye theluji: kufundisha, kulisha na kukimbiza sleji

Mbwa wakishafungwa kwenye kamba, banda zima huchafuka. Wanabweka, wanaruka, wanang'ata kamba, wengine wanalia kwa sauti nyembamba kama watoto walionyimwa kitu. Unang'oa nanga iliyochomekwa thelujini, sleji (gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji) inachomoka, na kabla hujavuta pumzi ya pili kelele yote imekatika. Unasikia mchakacho wa miguu na mihemo tu. Mgeni anayetazama hudhani kazi ya dereva ndiyo inaanza hapo, kumbe nyingi imeshafanywa jikoni, bandani, na kwa kupiga magoti ukichungulia katikati ya vidole vya mbwa. Dereva wa sleji ni mpishi na muuguzi kwanza, udereva unafuata.

Mimi nimekulia Tanga, ambako mbwa hulinda nyumba lakini haingii ndani. Nilipofika Alaska na kupata kibarua cha msaidizi wa banda, ilinichukua wiki nzima kuzoea kumfungua mbwa mdomo nimwangalie fizi. Kwa hiyo namwandikia mtu anayeanza na sifuri, labda umehamia Minnesota, Kanada au Norway na majira ya baridi yamekuchosha kukaa ndani. Mifano mingi naitoa kwenye Iditarod, mbio za takriban kilomita 1,600 kutoka pande za Anchorage hadi mji wa Nome, kwa kuwa kanuni zake ndizo ninazozijua.

Usianze kwa kununua mbwa

Anza kwa kufanya kazi kwenye banda la mtu mwingine, msimu mmoja kamili, kuanzia Agosti hadi Machi. Utazoa kinyesi, utakata nyama iliyoganda kwa msumeno, utabeba ndoo za maji mpaka mabega yakatae. Ukimaliza msimu bado unataka, basi unataka kweli. Kuzaliwa penye joto hakukuzuii kitu. Newton Marshall ni Mjamaika. Alijifunza chini ya madereva wazoefu, akamaliza mbio ndefu za Yukon Quest mwaka 2009 na Iditarod mwaka 2010.

Ukifika wakati wa kuwa na mbwa wako, sita wanatosha. Usivutiwe na macho ya buluu. Haski wa Siberia ni mzuri pichani, lakini mabanda mengi ya mbio hutumia haski wa Alaska, ambaye si mbwa wa kabila moja. Ni mchanganyiko wa vizazi vingi uliochaguliwa kwa kazi, mwembamba, mwenye uzito wa kilo 18 hadi 27 hivi. Mimi ningetazama vitu vitatu kwa mfuatano huu: miguu yenye vidole vilivyoshikana na ngozi ngumu chini, hamu ya kula, na hamu ya kuvuta. Mbwa mwenye mbio anayechagua chakula atakuaibisha siku ya tatu ya safari.

Ushauri ninaoupenda kuliko yote: tafuta kiongozi mzee, wa miaka minane au tisa, ambaye banda kubwa linataka kumstaafisha. Huyo atawafundisha vijana kazi, na wewe pia. Vijana wenyewe huanza kuvuta kwa dhati wakikaribia mwaka mmoja. Mbio ndefu waachie waliotimiza miaka miwili.

Kamba, mikanda na sleji

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kila banda lina vifaa vya ziada na utaviona kwa macho. Kamba kuu inatoka kwenye sleji kwenda mbele. Kila mbwa amevaa mkanda wa kuvutia unaokaa vizuri kifuani bila kubana koo, na mgongoni kwake kuna kamba inayounganishwa na kamba kuu. Kamba nyingine fupi inashika ukosi wa shingoni, na kazi yake ni kumweka kwenye mstari tu, hatakiwi kuvuta kwayo. Mbele kabisa ni viongozi, mmoja au wawili. Nyuma yao ni wale wanaosaidia kikosi kukata kona, kisha wavutaji wa katikati, na wawili wa mwisho karibu na sleji, ambao nawapenda wawe wazito na watulivu maana mishtuko yote ya sleji inawaishia wao.

Usitoke bila breki ya meno ya chuma, kipande cha mpira cha kuburuta nyuma ya sleji, nanga mbili, na kisu kikali mahali ambapo mkono wenye glavu unafika. Kisu ni cha kukata kamba ikimnyonga mbwa. Usikifiche begini.

Agosti mpaka theluji

Mazoezi huanza kwenye vumbi na matope. Mbwa hufungwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, injini ikiwa imewashwa kwenye gia ya chini ili isiwakimbilie. Adui wa miezi hii ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema, na haski anayefanya kazi huweza kuzidiwa siku ambayo wewe umevaa sweta. Toka alfajiri. Kipimajoto kikisoma zaidi ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, fupisha safari au iache. Weka kituo cha maji kila baada ya kilomita chache, na usimame hata kama wanakulilia waendelee.

Anza na kilomita 3 hadi 5, mara tatu au nne kwa wiki, mwendo wa mchapuko wa pole. Ongeza kidogo kidogo, ili kufikia mwisho wa Oktoba kikosi kiweze kilomita 15 hadi 20 bila kuchoka. Mapafu na misuli hupata nguvu upesi kuliko kano na viungo. Ndiyo sababu mbwa wa Septemba anaonekana yuko tayari kwa mambo ambayo viungo vyake havijayaweza. Mwanafunzi akikwambia mbwa wake "wanataka zaidi", mwambie ndivyo wanavyotaka siku zote.

Kipindi hiki ndicho cha kufundisha maneno. Madereva wa Alaska hutumia "ji" kwa kulia na "ho" kwa kushoto, neno la kuondoka, neno la kusimama, na neno la kupita kitu bila kukigusa. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu njiani kuna sungura, kinyesi, kikosi cha mwenzako na mtoto mwenye mkate. Ukisema amri, iseme mara moja, kwa sauti ileile, kabla ya kona na si ndani yake. Mweke kijana kando ya kiongozi mzee. Kijana akikosea usifoke. Simamisha kikosi, tembea mpaka mbele, mgeuze kwa mkono wako, rudi, endelea. Utatembea sana. Kiongozi anayeogopa kukosea huacha kuamua, na siku ya tufani, wewe ukiwa huoni hata mkono wako, utamhitaji aamue.

Siku ya kwanza juu ya theluji

Kabla ya yote, funga sleji kwenye mti au gari kwa kamba inayofunguka kwa mvuto mmoja. Wafunge viongozi kwanza, ili wanyooshe kamba, kisha wengine kwa mpangilio kuelekea nyuma. Hakikisha njia ni tupu. Simama kwenye breki, fungua kamba, ondoka.

Kuna kanuni moja isiyo na mjadala: usiachie sleji. Ukianguka, shikilia, uburutwe kifudifudi mpaka wasimame. Mimi niliachia mara moja, kwenye kona yenye miti ya bechi, kwa sababu kiwiko kiligonga gogo. Mbwa sita walikwenda zao bila kugeuka nyuma. Nilitembea kilomita nne nikiwafuata, nikawakuta sleji imenasa kwenye kichaka, wawili wamejifunga kamba shingoni, na yule mzee wa mbele amelala akiwa amenyoosha kamba kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala kwa kufikiria barabara kuu iliyokuwa mbele yao.

Theluji ikishashikamana, ongeza umbali: kilomita 30, halafu 40, halafu 50 kufikia Desemba, huku ukiweka siku za kupumzika katikati. Mwendo wa mbio ndefu ni kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Huo ndio unaofundisha, hata siku ambayo kikosi kinaweza zaidi. Mguu wako uishi kwenye ule mpira wa kuburuta.

Miguu

Wenye mabanda hupoteza mbio nyingi kwenye miguu kuliko mahali pengine, na hakuna dereva mzoefu niliyemwona akiukagua mguu kwa haraka. Theluji laini na ya joto hutengeneza madonge kati ya vidole. Theluji kavu ya nyuzi 30 chini ya sifuri hukwaruza kama mchanga. Barafu iliyovunjika hukata.

Kagua hivi. Mbwa akiwa amelala, shika mguu, fungua kila kidole, tazama ngozi ya katikati kwa taa ya kichwani. Unatafuta wekundu, mpasuko mdogo, kucha iliyochanika, unyevu. Safisha, kausha, paka marhamu. Kisha bonyeza kifundo cha mguu wa mbele, ukikilinganisha na cha mguu wa pili, uone kama kimevimba au kina joto. Vunja donge lolote la barafu kwa vidole vyako, si kwa kuvuta nywele.

Kisha soksi. Ni vifuko vya kitambaa vinavyofungwa kwa utepe wa kunata juu ya kifundo. Ukilegeza, inavuka njiani. Ukikaza kupita kiasi, damu haipiti na mguu unavimba au kuganda. Soksi iliyotoboka ni mbaya kuliko mguu mtupu, maana theluji huingia kwa tundu na kukaa ndani kama kokoto. Mbwa 14 ni soksi 56 kila unapobadilisha, na kazi hiyo glavu nene haziiwezi. Nyuzi 35 chini ya sifuri utaifanya kwa vidole vitupu, ukivirudisha kwapani kila baada ya mbwa mmoja. Iditarod hulazimisha kila dereva awe na soksi 8 kwa kila mbwa kwenye sleji yake, tofauti na mamia ya ziada anayotanguliza vituoni.

Chungu

Mbwa wa kilo 22 katika mbio ndefu huhitaji kalori zipatazo 10,000 kwa siku, wengine zaidi, na sehemu kubwa itoke kwenye mafuta. Kwa hiyo bakuli lina chakula kikavu chenye mafuta mengi, nyama ya ng'ombe ya kusaga, mafuta ya kuku, na samaki wa salmoni pale anapopatikana. Zoeza tumbo mapema. Aina ya nyama unayokusudia kulisha Machi iwe imeshaliwa Desemba, la sivyo watahara njiani na maji yote uliyowapa yatapotea.

Maji ndiyo kitu ambacho wageni hukisahau, kwa kuwa wamezungukwa na theluji. Mbwa mchovu hanywi maji matupu ya baridi. Mpe supu: maji ya vuguvugu yenye vipande vya nyama au samaki, saa mbili hivi kabla ya kuondoka, na tena mkisimama. Vuta ngozi ya shingoni juu kidogo kisha uiachie. Ikirudi pole pole, amepungukiwa maji. Fizi ziwe na rangi ya waridi na ute. Njiani, kila baada ya saa mbili hivi, simama dakika mbili uwarushie kila mmoja kipande cha mafuta au samaki aliyeganda. Mlo mzito usiwe karibu na kuondoka: mbwa akitapika huku anakimbia, matapishi yakaingia mapafuni, anaweza kufa. Vidonda vya tumbo navyo ni ugonjwa unaojulikana wa mbwa hawa, kwa hiyo zungumza na daktari wa wanyama mapema kuhusu dawa ya kupunguza asidi.

Jiko la safarini huchoma spiriti, juu yake sufuria kubwa ya kuyeyushia theluji. Weka maji kidogo chini kwanza. Theluji peke yake huungua na supu hunuka masizi, na mbwa wana pua kuliko wewe.

Kulala nje

Kuanzia Januari, kikosi kijifunze kupumzika popote. Mtindo wa kawaida ni kukimbia muda wa saa sita na kupumzika kiasi hichohicho. Nenda kilomita 60, simama msituni, lala, rudi. Mbwa ambaye hajazoea kulala akiwa kwenye kamba atakaa macho usiku wote akiwatazama wenzake.

Zoezi la kusimama lifanye kwa mpangilio uleule mpaka mikono iende yenyewe. Piga nanga. Fungua zile kamba za mgongoni, ili mbwa wajue kazi imekwisha na waweze kujikunja. Rusha kitafunwa. Vua soksi. Tandika mabua makavu. Washa jiko. Wakati theluji inayeyuka, pita kwa miguu na vifundo. Lisha. Funika wenye manyoya mepesi. Ndipo ubadili soksi zako mwenyewe na ule. Ukiwa mwepesi, kituo cha saa sita kitakuachia usingizi wa saa mbili. Wanaoanza huambulia dakika arobaini, na wanaanza kuona watu wasiokuwepo kando ya njia. Hilo la kuona watu ni la kweli. Waulize madereva, wengi wana kisa.

Mbio zenyewe

Mbio za kwanza ziwe fupi: daraja la mbwa sita, kilomita 10 hivi, ujifunze kuondoka mbele ya watu bila kuvunja kitu. Kisha tafuta za kilomita 150. Zile za kilomita 480, kama Kuskokwim 300 ya Bethel au Beargrease ya Minnesota, ndizo shule ya Iditarod, ambayo haimpokei dereva asiyekwishamaliza mbio za kufuzu. Huko utaanza na mbwa wasiopungua 12, na lazima ufike ukiwa na angalau watano. Kuna pumziko moja la lazima la saa 24, na mengine mawili ya saa 8, moja kwenye mto Yukon na moja kituo cha White Mountain. Madaktari hukagua mbwa vituoni na daftari lao unalibeba wewe. Mwaka 1973 Dick Wilmarth alishinda kwa siku 20 hivi. Mwaka 2017 Mitch Seavey alitumia siku 8 na saa 3 na ushei.

Siku ya kuanza, kila mtu anakwenda mbio kupita kiasi. Wewe kanyaga mpira. Wanaokupita leo, wengi wao utawakuta siku ya nne wamelala.

Tazama kamba za mgongoni muda wote. Iliyolegea inakuambia kitu kabla mbwa hajachechemea. Masikio yakilala, mkia ukibadilika, kichwa kikianza kudunda kila hatua, simama uangalie. Mbwa mwenye shaka mbebe ndani ya sleji mpaka kituo kinachofuata, umwachie madaktari. Hurudishwa kwa ndege. Kumwacha si hasara. Mwaka 2024 mbwa watatu walikufa wakati wa Iditarod, na wapo wanaotaka mbio hizo zifutwe kabisa. Hoja yao haijibiwi kwa hasira. Inajibiwa, kama inajibika, na dereva anayesimama.

Hatari za njia ni nyingi, nitaje mbili. Ya kwanza ni maji yanayopanda juu ya barafu ya mto na kufunikwa na theluji: unaona weupe, unatumbukia mpaka magotini. Beba soksi kavu, zako na zao, mahali pasipolowa. Ya pili ni moosi, mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kupita kilo 500. Theluji ikiwa kubwa hupenda njia yenu iliyoshindiliwa na hapishi. Mwaka 1985 moosi aliwaua mbwa wawili wa dereva Susan Butcher, naye Butcher akalazimika kujitoa, na mwaka huo Libby Riddles akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Sheria inakutaka, ukimuua kwa kujilinda, umpasue matumbo ili nyama isiharibike. Dallas Seavey alipigwa adhabu ya saa mbili mwaka 2024 kwa kutoifanya kazi hiyo ipasavyo. Akashinda hata hivyo, mara yake ya sita.

Kikosi cha nyuma kikikufikia na dereva akaomba njia, mpishe: simama, shika viongozi wako wasigeuke. Ruhusa ya kukataa unaipata mwishoni tu, kwenye kipande cha mwisho kabla ya Nome. Wazee wa pwani husema mbwa hafi maji akiona ufuko, na mara ya kwanza nilipoona taa za mji kutoka nyuma ya sleji nilielewa: mbwa waliokuwa wakijikokota walinyanyua masikio bila mimi kusema neno.

Mshindi huhesabiwa kwa pua ya mbwa wa kwanza kuvuka mstari. Ukishavuka, watu watataka kukushika mkono na kukupiga picha. Chukua kitafunwa kwenye sleji kwanza, uanze na viongozi, urudi nyuma mbwa mmoja mmoja, uvue soksi. Kesho yake asubuhi kagua vifundo tena, kwa sababu uvimbe mwingine hujitokeza usiku, wakati wewe umelala fofofo.